KISOMA DVD AU SSD: KIPI KIKAE NDANI YA KOMPYUTA?

Katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, huuzwa kompyuta mpakato zilizokwisha kutumika, na nyingi za zamani zina kisoma DVD ubavuni. Tuchukue mfano wa mwalimu aliyenunua moja kwa ajili ya darasa lake. Kompyuta huchukua dakika kadhaa kuwaka. Fundi anamshauri atoe kisoma DVD na kuweka SSD mahali pake. Je, akubali? Kabla ya kujibu, hebu tuangalie namna vifaa hivi vinavyofanya kazi.

Nuru na elektroni

Kisoma DVD humulika diski kwa mwale wa leza wenye urefu wa wimbi wa nanomita 650, kisha hupima nuru inayorudi. CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, husomwa kwa nanomita 780. Wimbi fupi husoma alama ndogo zaidi. Hii ni sababu mojawapo ya DVD kubeba gigabaiti 4.7, hali CD hubeba megabaiti 700 hivi.

SSD haina kitu kinachozunguka. Ndani yake mna transista za silikoni zinazonasa elektroni katika tabaka lililozungukwa na kihami. Kwa hiyo habari hubaki hata umeme ukizimwa. Kumbukumbu ya aina hii ilibuniwa na mhandisi wa Kijapani, Fujio Masuoka, katika miaka ya 1980.

Ucheleweshaji unatoka wapi?

Kompyuta inapowaka haisomi DVD, bali husoma diski yake kuu. Diski kuu za zamani aghalabu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11 hivi. Kwa wastani, kichwa cha kusomea husubiri nusu ya mzunguko kila kinapotafuta habari, mbali na muda wa kusogea kwenyewe. SSD hujibu kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja.

Hapa ndipo penye jibu. Kinachofaa kuondolewa kwanza ni diski kuu ya kuzunguka, si kisoma DVD. SSD ikikaa mahali pa diski kuu na kubeba mfumo endeshi, kompyuta itaharakika, na kisoma DVD kitabaki. Nafasi ya kisoma DVD itahitajika tu iwapo mwalimu anataka kutumia pia diski yake ya zamani, ambayo huwekwa humo kwa fremu maalumu.

Tahadhari

Kwanza, masomo yaliyomo katika DVD yanakiliwe kabla kisomaji hakijatolewa. Pili, SSD ikiharibika, huweza kufa ghafla na kazi zote zikapotea. Hapana budi kuwa na nakala mahali pengine. Tatu, SSD bandia huweza kujitangaza kuwa na nafasi isiyokuwapo. Ijaribiwe kwa kuijaza mafaili, kisha kuyafungua, kabla ya kuiamini.

Zoezi

1. Diski nyingine huzunguka mara 7,200 kwa dakika. Kokotoa wastani wa muda wa kusubiri.
2. Kisoma DVD husoma megabaiti 11 kwa sekunde, na SSD megabaiti 500. Kila kimoja kitahitaji muda gani kusoma megabaiti 4,000?
3. Kwa nini diski ya kuzunguka huweza kudhurika kompyuta inapotumika ndani ya daladala, hali SSD hustahimili?