Unga Uitwao kwa Jina la Malaika

Twataka kujifunza habari za sumu moja ya akili ambayo huko Marekani huuzwa njiani kwa jina la "vumbi la malaika". Jina lake hasa ni fensiklidini. Paulo alikwisha kuwaonya Wakorintho juu ya adui ajivikaye nuru isiyo yake. Kwa hiyo jina zuri lisitudanganye.

1. Asili yake. Sumu hii haikutoka kwa watu waovu. Mwaka wa 1956 mkemia Victor Maddox aliitengeneza katika kiwanda cha Parke-Davis, mjini Detroit. Baadhi ya wanyama waliopewa walitulia ajabu, nayo ikaitwa Sernyl, maana yake utulivu. Madaktari wakafurahi, wakidhani wamepata dawa njema ya kupasulia wagonjwa, kwa kuwa mgonjwa hakusikia maumivu, wala pumzi zake hazikudhoofika. Lakini wengine walipoamka walipayuka, wakaona yasiyokuwapo, wakapigana na wauguzi. Basi mwaka wa 1965 ikakomeshwa kwa wanadamu. Tangu mwaka wa 1967 ikauzwa kwa matabibu wa wanyama tu, hata mwaka wa 1978 hilo nalo likakoma.

2. Ilivyofika njiani. Mwaka ule ule wa 1967 ilionekana San Francisco, ikiitwa "kidonge cha amani". Wengi walioimeza waliogopa mambo yaliyowapata, wakaiacha. Lakini katika miaka ya 1970 watu waliinyunyiza juu ya majani ya mnanaa au bangi, wakaivuta, ikaenea tena. Hata leo wako wauziwao pasipo kujua wanachovuta.

3. Kazi yake mwilini. Chembe za ubongo hupelekeana habari kama kwa milango. Fensiklidini huufunga mmoja wa milango hiyo, na mtu hujiona ametengwa na mwili wake. Hutembea kama mti mkavu, macho yakichezacheza. Husikia sauti zisizokuwapo, huwashuku hata ndugu zake. Watu husema amepata nguvu kuliko za binadamu. Sivyo: hasikii maumivu, basi hajizuii, hata huvunja mifupa yake mwenyewe. Mwili huweza kuwaka joto, degedege likamshika, na nyama zikivunjika figo huharibika. Wengine wameanguka kutoka juu, wengine wamekufa maji. Wako waliobaki na wazimu siku nyingi, hata majuma.

4. Yatupasayo sisi. Huenda mtu akasema, "Hayo ni ya Marekani." Lakini ketamini, iliyotengenezwa mwaka wa 1962 kwa kufuata mfano wa sumu hii, hutumika katika hospitali zetu, na mkononi mwa daktari ni msaada mkubwa, nje ya mkono wake, nayo huharibu. Basi kitu chenyewe si chema wala kibaya kwa jina lake, bali kwa matumizi yake.

Tena, kijana akiletwa kwetu anapayuka, tusifanye haraka kusema ana pepo, wala tusimfunge kamba na kumpigia kelele, maana kelele na nguvu humzidishia hofu na joto. Tumweke mahali patulivu, taa isiwe kali, aseme naye mtu mmoja kwa upole. Tumwondolee vitu vya hatari, kisha tumpeleke hospitali upesi. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hii mara moja. Madaktari humtuliza na kuulinda mwili wake mpaka ipungue. Sala yetu imfuate njiani, isimcheleweshe mlangoni.

Maswali ya kujibu:
1. Kwa nini madaktari waliiacha dawa waliyoisifu?
2. Kwa nini aliyeivuta huonekana mwenye nguvu nyingi?
3. Kijana wa namna hii akiletwa usiku nyumbani kwako, utaanza na neno gani?