Uyoga wa Lingzhi na Kinga ya Mwili

Mama mmoja alifika kliniki akiwa na kopo la unga wa uyoga. Alituuliza: "Sista, nimeambiwa huu unaongeza kinga. Je, niache vidonge vya VVU?" Tunamjibu yeye pamoja nanyi nyote.

Lingzhi ni nini?
Ni uyoga mgumu kama ubao, wa rangi ya hudhurungi nyekundu, unaong'aa kama uliopakwa vanishi. Huota kwenye magogo na mashina ya miti. Wachina wameutumia kama dawa kwa karne nyingi, na Wajapani huuita Reishi. Siku hizi huuzwa hata kwetu ukiwa unga, vidonge au umechanganywa na kahawa.

Una nini ndani yake?
Una aina ya wanga iitwayo betaglukani, ambayo hujenga kuta za chembe za kuvu. Chembe nyeupe za damu, walinzi wa mwili wetu, zikikutana na wanga huo huutambua kuwa ni mgeni, nazo huamka. Hayo yameonekana maabara na kwa wanyama.

Je, unaponya?
Mwaka 2016 watafiti walipitia majaribio 5 yenye wagonjwa wa saratani 373. Waliopewa uyoga pamoja na matibabu ya hospitali walielekea kuitikia matibabu vizuri zaidi. Uyoga peke yake haukuleta matokeo hayo, wala haikuthibitika kwamba unarefusha maisha.

Kuhusu VVU, virusi hushambulia walinzi wenyewe. Kuwaamsha walinzi hakutoshi; ni lazima virusi vizuiwe kuzaana, na kazi hiyo hufanywa na vidonge. Ukiviacha, virusi huongezeka na vinaweza kuwa sugu.

Tuzingatie haya:
1. Tusiache dawa za VVU, kifua kikuu, kisukari wala saratani kwa sababu ya uyoga.
2. Tumweleze daktari au muuguzi kila tunachokunywa. Uyoga huu unaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Wapo pia walioumwa ini baada ya kutumia unga wake.
3. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasiutumie, kwani usalama wake kwao haujathibitishwa.

Mama, endelea na vidonge vyako kila siku kwa saa ile ile. Fedha ya kopo la pili nunua maharage, mayai na mchicha, mle nyumba nzima.