Gari dogo jipya: Kipi ni tabia, kipi ni kasoro?

Anayenunua modeli mpya ya gari dogo katika mwaka wake wa kwanza sokoni hununua vitu viwili kwa mpigo: gari lenyewe, na makosa ambayo kiwanda bado hakijayagundua. Cha kwanza kimeandikwa kwenye ankara. Cha pili hakijaandikwa popote, lakini kina bei yake, na bei hiyo hulipwa na yule atakayekuwa ameshika gari siku kosa litakapojitokeza.

Somo la wiki hii linatokana na Honda Fit ya hybrid, toleo la tatu, iliyoingia sokoni Japani Septemba 6, 2013. Kwa wafanyabiashara wa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam gari hili si geni. Ni la usukani wa kulia, halili mafuta mengi, na mtumba wake una wateja. Ndiyo maana historia yake inafaa kueleweka kabla ya kutuma fedha Japani.

Miezi 13, wito 5

Fit si gari la pembeni katika hesabu za Honda. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2001, na mwaka 2002 liliuzwa kuliko gari jingine lolote nchini Japani, likiipokonya Toyota Corolla nafasi iliyoishikilia kwa miaka 33. Toleo la tatu lilitarajiwa kurudia mafanikio hayo. Kwa vipimo rasmi vya Japani vya wakati huo, hybrid yake ya bei ya chini ilikwenda kilomita 36.4 kwa lita moja.

Mambo hayakwenda kama ilivyopangwa. Kati ya Oktoba 2013 na Oktoba 2014, Honda ilitoa wito mara 5 kuwataka wenye magari hayo wayarudishe kwa marekebisho. Wito wa Februari 2014 ulihusu magari yapatayo 81,000 ya Fit na Vezel za hybrid, kwa sababu programu ya kuongoza gia boksi ingeweza kuifanya gia ya kwanza isiingie na gari likakataa kuondoka. Julai mwaka huo magari yapatayo 175,000 yaliitwa, kwa kuwa yangeweza kuongeza mwendo bila dereva kukusudia. Oktoba idadi ilipanda hadi 425,000 hivi, safari hii kwa sababu ya vifaa vya umeme, na ndani yake yalikuwamo magari ya N-WGN ambayo si ya hybrid kabisa.

Rais wa kampuni wakati huo, Takanobu Ito, alikatwa asilimia 20 ya mshahara kwa miezi mitatu, na wakurugenzi wenzake nao wakapunguziwa.

Chanzo cha tatizo

Hybrid hii ilikuja na gia boksi ambayo Honda haikuwa imeitumia kabla katika Fit. Ina gia 7 na klachi mbili kavu, pamoja na mota ya umeme iliyofungwa humo humo. Klachi moja inashughulikia gia witiri, yaani ya 1, 3, 5 na 7. Nyingine inashughulikia gia shufwa. Dereva haoni pedali ya klachi. Kompyuta ndiyo inayokanyaga na kuachia kwa niaba yake, na wakati huo huo inaamua lini injini ifanye kazi, lini mota, na lini vyote viwili.

Faida ya mpango huu ni kwamba nguvu nyingi ya injini inafika kwenye magurudumu, kwa hiyo mafuta yanaokolewa. Hasara yake inaonekana katika mwendo wa kobe. Klachi kavu haina mafuta ya kuipoza. Gari linapojivuta hatua kwa hatua katika foleni, hasa mlimani, klachi inateleza, inapata joto, na inalika. Betri ikiwa na chaji ya kutosha, mota hubeba mzigo huo. Chaji ikishuka, kama inavyotokea kiyoyozi kikiwaka muda mrefu kwenye foleni, kazi inarudi kwa injini na klachi.

Makapu matatu

Mnunuzi anayesikia kila malalamiko kama ugonjwa atakimbia gari zuri. Anayepuuza kila malalamiko atauziwa gari bovu. Njia ya kati ni kuyagawa mambo yanayoonekana katika makapu matatu.

Kapu la kwanza ni tabia ya gari. Injini kuzimika kwenye taa za barabarani na kujiwasha tena ni tabia. Gari kuondoka kimya kwa umeme ni tabia. Redio isiyoshika stesheni nyingi za kwetu nayo si mbovu: redio za magari ya Japani zilitengenezwa kwa masafa ya FM yanayoanzia megahezi 76 na kuishia karibu na 90, wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Maandishi ya Kijapani kwenye kioo cha dashibodi yako katika kapu hili pia. Gharama yake ni ndogo, lakini ipo, na muuzaji makini huiweka kwenye hesabu tangu mwanzo.

Kapu la pili ni mambo ya kutunzwa. Mshtuko mdogo gari linapobadili kutoka gia ya 1 kwenda ya 2 katika mwendo mdogo ni kawaida kwa gia boksi za klachi mbili. Ukizidi na kuwa mtikisiko kila gari linapoondoka, ni dalili kwamba klachi imelika au kompyuta inahitaji kufundishwa upya mahali klachi inapoanza kushika. Kazi hiyo inahitaji mashine ya kupimia na fundi anayeijua gari hiyo. Umbo la chini nalo linahitaji uangalifu kwenye matuta na barabara za changarawe.

Kapu la tatu ni hitilafu ya kiwanda. Gari kukataa kuingia gia, onyo la joto la gia boksi kuwaka mara kwa mara, au gari kusita katikati ya makutano ya barabara, hayo hayavumiliki. Huenda ni gari lililokosa marekebisho ya wito, au klachi zake zimefika mwisho. Kosa kubwa la wauzaji ni kuliuza tatizo la kapu la tatu kwa maneno ya kapu la kwanza: "Haya magari ndivyo yalivyo." Mteja akirudi baada ya wiki mbili, jina la duka ndilo linaloumia.

Hesabu ya bei nafuu

Tuchukue mfano wa kubuni. Mfanyabiashara ana mkopo wa shilingi milioni 15 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, yaani shilingi 225,000 kwa mwezi. Anaona Fit mbili zinazofanana. Moja ni ya mwaka wa kwanza wa modeli, nayo ni nafuu kwa shilingi 700,000. Anaichukua. Ikifika inatikisika. Matengenezo yanagharimu shilingi 600,000, na kwa kusubiri vipuri na fundi gari linakaa miezi miwili zaidi bila kuuzwa, ambayo ni shilingi 450,000 za riba. Jumla ni shilingi 1,050,000. Nafuu ya 700,000 imegeuka kuwa hasara ya 350,000, na hapo hajapunguziwa bei na mteja aliyesikia gari linatikisika.

Maana yake si kwamba magari ya mwaka wa kwanza yasinunuliwe. Maana yake ni kwamba punguzo lazima lizidi gharama ya kasoro inayojulikana pamoja na gharama ya muda. Lisipozidi, si punguzo.

Mambo ya kukagua

Kwanza, soma namba ya chesisi. Inayoanza na GP5 ni hybrid ya magurudumu mawili ya mbele, na GP6 ni hybrid ya magurudumu manne. GK3 ni ya petroli tupu, lita 1.3, ambayo haina gia boksi ya klachi mbili. Mwenye wateja wa foleni na milima anaweza kuona hiyo inamfaa zaidi.

Pili, mtake wakala wa Japani aingize namba hiyo katika kumbukumbu za Honda na kuleta uthibitisho kwamba marekebisho ya wito yalikamilishwa kabla gari halijapakiwa. Huko wenye gari hawakutozwa. Likishavuka bahari, gharama inaweza kumwangukia mnunuzi.

Tatu, gari lililopo nchini lijaribiwe likiwa limepata moto, si asubuhi likiwa baridi. Liendeshwe polepole kwa dakika 20, lipandishwe mlima, lirudishwe nyuma.

Nne, umri uangaliwe. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, hivyo Fit za 2013 na 2014 zilizoko huko zinabadilishana mikono ndani ya nchi tu. Wenye kununua hapo ndio wanaohitaji kuuliza zaidi kuhusu historia ya matengenezo.

Funzo kwa mwenye hisa

Mwenye kuweka akiba katika hisa naye ana lake hapa. Honda wakati wa Ito ilijiwekea lengo la kuuza magari milioni 6 kwa mwaka. Lengo la wingi likipewa uzito kuliko muda wa majaribio, gharama haipotei. Inahama kutoka idara ya usanifu kwenda kwenye fungu la dhamana katika vitabu vya mahesabu. Oktoba 2014 kampuni ilishusha makadirio yake ya faida ya mwaka. Juni 2015 Ito alimwachia kiti Takahiro Hachigo, na lengo la milioni 6 likawekwa kando.

Toleo la nne la Fit lilipotoka Februari 2020, hybrid yake ilikuwa na mfumo wa mota mbili usiotumia tena gia boksi ya klachi mbili. Kampuni hueleza mengi katika matangazo, lakini kifaa inachokiacha kimya kimya katika toleo linalofuata ni ushahidi unaostahili kusomwa na kila mwenye fedha yake mezani.