Nguzo ya Plastiki: Mbona Inakatika?



Siku hizi vikundi vingine vinakusanya plastiki kuukuu na kuiyeyusha ili kutengeneza nguzo za ua. Nguzo hizi haziozi na mchwa hawazili. Lakini gunia moja la plastiki laweza kutoa nguzo mbili: moja inashika seng'enge miaka mingi, nyingine inakatika siku ya kupigiliwa msumari. Tofauti iko wapi?

1. Plastiki si moja
Tazama alama chini ya chombo. Jerikeni nyingi ni namba 2, mabeseni mengi ni namba 5. Namba 2 huyeyuka karibu nyuzi 130, namba 5 karibu 160. Zikichanganywa haziungani, ni kama mafuta na maji. Moja hubaki matone ndani ya nyingine. Matone yakiwa madogo, nguzo ina nguvu. Yakiwa makubwa, ufa huanzia hapo. Kwa hivyo korogeni sana.

2. Kusukuma au kubana
Mashine ikisukuma plastiki kwa nguvu ndani ya kalibu, matone huvutika yakawa kama nyuzi. Nguzo huwa imara kwa urefu, lakini yaweza kupasuka kama kuni inavyopasuka kufuata nyuzi zake.

Mkibana kwa jeki, plastiki haitembei sana. Nguvu hukaribiana pande zote. Lakini ikikaa na moto muda mrefu bila kukorogwa, matone huungana tena yakawa makubwa.

3. Kupoa
Nje hugumu kwanza. Ndani husinyaa baadaye na kuacha mashimo. Msilegeze jeki mpaka nguzo ipoe. Tena kausheni plastiki vizuri kwanza, maana maji hugeuka mvuke na kuleta mapovu.

Onyo: Namba 3, kama mabomba ya PVC, isiingie kabisa. Ikiungua hutoa moshi wenye asidi unaoumiza mapafu. Msiyeyushe plastiki yoyote ndani ya nyumba, wala msiichome kwa moto wazi.

Jaribio
Kabla ya kuuza, kateni nguzo moja kwa msumeno. Mkiona mashimo, rudini kwa somo la 3. Mkiona mabaka makubwa, rudini kwa somo la 1. Kupoteza nguzo moja ni afadhali kuliko ng'ombe kuingia shamba la mteja.

Maswali ya kujadili
- Nani kati yetu atachambua plastiki kwa namba?
- Sisi tunasukuma au tunabana? Nguzo zetu hupasukia wapi?