Mlezi Mmoja, Kaya Mbili: Andikeni Kabla ya Kuanza

Tuchukue mfano wa majirani wawili wa Hedaru, muuza duka kando ya barabara kuu iendayo Same na mwalimu, wanaomwajiri kwa pamoja dada mmoja wa kuwalelea watoto. Gharama hugawanyika, nguvu za mlezi haziongezeki.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Tunashauri jumla ya saa za nyumba zote mbili isivuke hapo. Aidha, ni marufuku kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14.

Mlezi akiwepo, andikeni:

1. saa na mahali pa kazi;
2. mshahara, na kila kaya italipa kiasi gani;
3. siku ya mapumziko na likizo ya mwaka;
4. mtoto akiugua, nani atabaki naye;
5. notisi, kaya moja ikijitoa.

Wote watatu watie saini, na mlezi abaki na nakala yake.