Yaya, maandishi yamebanduka!

"Yaya, nina presi yangu ya joto hapa Kalundu, Uvira, si mbali na bandari. Nimetengenezea kwaya fulana za kuimbia, maandishi meupe ya vinili juu ya nguo ya buluu. Wamefua mara moja tu, herufi zimeanza kuinuka kama magamba ya samaki. Sasa wanadai pesa yao. Mume wangu anasema mashine ni mbovu, nikope kwenye AVEC, kile kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ninunue kubwa zaidi. Nifanye nini?"

Mdogo wangu, pesa ya AVEC iache kwanza kwenye sanduku lake la kufuli tatu. Mashine kubwa inataka umeme mwingi kuliko hiyo uliyo nayo, na mimi ninavyosoma barua yako, umeme ndio mshukiwa wangu wa kwanza. Utakopa, utalipa na riba, na herufi zitaendelea kubanduka.

Lakini tuanze na kwaya, maana hao Jumapili wanasimama mbele ya watu. Omba fulana zote zirudi, hata zile ambazo bado ziko sawa. Hakikisha zimekauka kabisa. Herufi iliyoinuka pembeni bila kuingiwa na vumbi wala mafuta kwenye gundi, mara nyingi inarudi: ifunike kwa karatasi ya kuokea mikate, ibane tena kwa joto lile lile la vinili yako, sekunde 15, halafu geuza fulana ndani nje uibane kidogo kwa nyuma. Herufi iliyopotea ikatwe mpya. Kazi hiyo usiwatoze hata faranga moja, na nauli ya kuzirudisha lipa wewe. Pesa yenyewe usikimbilie kuirudisha kabla hawajaona fulana zilizorekebishwa. Watu wa kwaya wanataka kuvaa, si kugombana.

Sasa umeme. Uvira tunategemea SNEL, shirika la umeme, na mabwawa ya Ruzizi, na kila mtu anajua jioni inavyokuwa: nyumba zote zinawasha, taa inabaki nyekundu tu. Ukiona taa hiyo, usibane nguo ya mteja. Presi ya sentimita 38 kwa 38 kwa kawaida imeandikwa kati ya wati 1400 na 1800. Chukua ya 1500 kwa volti 220. Volti zikishuka hadi 170, utadhani umepoteza robo tu ya nguvu. Hapana, nguvu inashuka zaidi ya hapo: unabaki na wati kama 900. Kioo cha mashine bado kitakuandikia nyuzi 155, kwa sababu sahani ikiachwa muda mrefu inafika. Ukiweka fulana ya kwanza, itatoka nzuri. Fulana hiyo imekula joto. Unaweka ya pili haraka, ya tatu, ya nne, na sahani haijapata nafasi ya kurudi pale ilipokuwa. Ukitaka kujua kama ndivyo ilivyokuwa, ulizia fulana zipi zimebanduka. Nadhani utakuta zile za mwanzo zimeshika, na za mwisho, ulipokuwa unaharakisha, ndizo zenye matatizo.

Dawa yake haigharimu mkopo. Nunua kipima volti kidogo cha kuchomeka ukutani. Fanya kazi saa ambazo laini ina nguvu, alfajiri au usiku watu wakishalala. Baada ya kila fulana tazama namba kwenye kioo, ikishuka ngoja ipande, ndipo uweke nyingine. Presi ichomekwe moja kwa moja ukutani, si kwenye ule waya mwembamba wa kurefushia unaobeba pia redio, simu na friji ya jirani. Ukishika waya ukawa na moto, zima. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, chomoa kabisa. Umeme wa kwetu hauagi wala haupigi hodi. Unaweza kurudi saa nane za usiku, presi ikawaka peke yake juu ya meza yenye nguo, na wewe umelala.

Jenereta? Vile vijenereta vidogo vya wati 900 visahau. Tafuta ya kilowati 3, na ukiikodi, bei ya mafuta iingie kwenye bei ya fulana. Sola ya kuchajia simu usiifikirie hata kidogo.

Mshukiwa wa pili ni unyevu. Sisi wa kando ya Tanganyika, tulioona maji ya 2024 yakiingia hadi bandarini, tunajua nguo iliyolala kwenye mfuko karibu na sakafu inavyovuta maji bila kuonekana. Pamba ndiyo mbaya zaidi. Kabla ya kuweka vinili, bana fulana tupu sekunde tano hivi, fungua, acha ule mvuke utoke. Ukiuona, ujue ungebaki chini ya herufi. Watu wengi wanaruka hatua hii kwa sababu fulana ni mpya, imetoka kwenye nailoni yake. Upya haukaushi nguo.

Halafu kuna mkandamizo. Chukua vipande vinne vya karatasi, viweke kwenye pembe nne za presi ikiwa baridi, funga, vuta kimoja kimoja. Kinachotoka kirahisi kinakuonyesha pembe isiyobana. Pia mshono, kola, kifungo na mfuko vinainua sahani, kwa hiyo pembeni yake vinili haiguswi vizuri. Nguo ya aina hiyo ivute mshono uning'inie nje ya meza, au weka sponji la kuvumilia joto chini ya sehemu unayobana. Na soma karatasi iliyokuja na vinili. Zipo za kubandua plastiki ikiwa moto, zipo za kusubiri ipoe. Ukiivuta ya baridi ikiwa moto, unaondoka na herufi.

Hapa nataka tukae kidogo kwenye kitambaa, kwa sababu ndipo fundi anapojulikana. Mteja atakuletea kila kitu na kukwambia "ni nguo tu". Angalia lebo. Pamba inapokea nyuzi 150 hadi 160 kwa sekunde 10 hadi 15 bila shida. Jezi za mpira ni poliesta, na poliesta nyekundu ina tabia mbaya: rangi yake ikipata moto mkali inapanda, na namba nyeupe uliyoibandika asubuhi inakuwa ya waridi kesho yake. Timu itakucheka. Kwa jezi nunua vinili ya joto la chini, ile ya karibu nyuzi 130, au yenye kizuizi cha rangi. Jile, vile vizibao vya wamotari wa pikipiki, ni poliesta nyembamba, na zile kanda zinazong'aa usiku hazipendi sahani ya moto. Weka namba mahali pasipo na kanda, jaribu kwanza ndani ya pindo. Koti la mvua la nailoni linahitaji vinili yake maalumu, usijaribu ya kawaida. Na kitenge cha 8 Machi, siku ya wanawake, ambacho wamama wataleta dakika ya mwisho wakitaka jina la kikundi mgongoni, kifuliwe kwanza. Kitenge kipya kina wanga na dawa za kiwandani, gundi inashika dawa badala ya kushika uzi.

Wakikuletea picha ya marehemu ya kuweka kwenye fulana za matanga, hiyo si kazi ya vinili. Vinili inakatwa, rangi moja moja. Picha ipeleke kwa mwenye mashine ya kuchapa kwenye filamu, wewe ubane tu, mgawane pesa. Hakuna aibu.

Bei nayo tuisemee, maana naona wengi wenu mnapiga hesabu kwa macho. Vinili ya upana wa sentimita 50, mita moja, ni sentimita za mraba 5000. Mchoro wa kifuani wa 24 kwa 20 unakula 480. Kwa karatasi unapata kumi na zaidi. Kwa mkasi unapata minane, kwa sababu ukiacha nafasi ya kukatia kati ya mchoro na mchoro, inaingia miwili kwa upana, minne kwa urefu, na pembeni kunabaki ukanda. Basi gawanya bei ya mita kwa nane, ongeza fulana, umeme, nauli ya mzigo kutoka Bujumbura au kwa boti ya Kigoma, na mikono yako. Ukanda uliobaki usiutupe, utakatia majina ya watoto kwenye sare. Avansi ni nusu, kwa M-Pesa au Airtel Money, kabla hujagusa rola. Kwa shemeji pia. Kwa mchungaji pia.

Kuna kazi za kukataa. Alama ya jeshi au ya polisi, au maandishi yanayofanana nazo, usizibandike kwa bei yoyote, hata mteja akiapa ni za mchezo wa kuigiza. Huku kwetu fulana ya namna hiyo inaweza kumletea mtu taabu barabarani, na akiulizwa aliitoa wapi, atataja nyumba yako. Nembo za makampuni makubwa ya viatu nazo ziache, buni yako.

Jambo la mwisho ni ufuaji. Kila mfuko unaotoka kwako uwe na kikaratasi cha Kiswahili. Fulana isifuliwe kabla ya saa 24. Igeuzwe ndani nje. Ikipelekwa ziwani, isisuguliwe juu ya jiwe upande wa maandishi, na isianikwe juu ya mawe yenye moto saa sita za mchana. Pasi ya makaa ipite kwa nyuma tu. Tena mwambie kwa mdomo yule msichana wa nyumbani anayetumwa kuja kuchukua nguo, kwa sababu ndiye atakayefua. Kikaratasi kitabaki mezani kwa mama.