Joka la Wawel: Anzia Juu, Umalizie Mtoni

Mtanzania anayefika Kraków, Poland, awe ametoka Kariakoo au kata ya Ulaya kule Kilosa, ataambiwa asiondoke kabla hajaliona joka. Ni sanamu ya shaba nyeusi, kazi ya mchongaji Bronisław Chromy, iliyosimamishwa mwaka 1972 kando ya mto Wisła, chini ya kilima cha Wawel chenye ngome ya wafalme wa zamani. Hutema moto wa kweli kila baada ya dakika chache, kwa gesi asilia. Kuitazama ni bure, na ndiyo maana wengi hukimbilia hapo, wakapiga picha na kwenda zao. Nakushauri ufanye kinyume.

Kutoka Rynek Główny, uwanja mkuu wa mji, shika barabara ya Grodzka. Kwa miguu ni kama robo saa. Kupanda kilimani hakuna kiingilio, ila kila onyesho ndani ya ngome lina tiketi yake, na watu wanaoingia huwekewa kikomo, kwa hiyo wahi asubuhi, hasa Julai na Agosti. Lipa kwa zloti; Poland haitumii yuro. Aliyeko Ujerumani au Uholanzi kwa viza ya Schengen hahitaji viza nyingine.

Mlangoni mwa kanisa kuu la hapo kilimani, inua macho. Kuna mifupa minene inayoning'inia kwa mnyororo. Kale ilisadikiwa kuwa ya joka, na kwamba siku itakapoanguka ndio mwisho wa dunia. Wataalamu wanaitaja kuwa ya nyangumi na ya wanyama wakubwa waliokwisha kutoweka. Bado inaning'inia.

Hadithi yenyewe iliandikwa na Wincenty Kadłubek, askofu wa Kraków, miaka ya 1200 hivi. Joka lilidai ng'ombe kila wiki, na wasipotolewa, lilikula watu. Wana wawili wa mfalme wakajaza salfa katika ngozi za ng'ombe, joka likameza, likafa. Kisha mdogo akamuua kaka yake na kusema ni joka lililomuua. Watoto wa leo hawasimuliwi hivyo. Wao huambiwa shujaa ni Skuba, fundi viatu, aliyelitupia joka kondoo mwenye salfa tumboni. Likashikwa na kiu, likanywa maji ya mto hadi likapasuka. Mimi naipenda zaidi hadithi ya askofu, ambayo muuaji wa joka anageuka muuaji wa ndugu yake.

Kwa Mluguru, nyoka mkubwa wa pangoni si habari ngeni. Kolelo alisadikiwa kukaa katika pango la milima ya Uluguru, na watu walimwendea kuomba mvua. Tofauti ni kwamba joka la Wawel halikuombwa kitu. Lililishwa kwa hofu.

Sasa shuka pangoni. Mlango wa Smocza Jama, yaani pango la joka, uko juu, ukingoni mwa kilima upande wa mto. Ngazi za kuzunguka ni zaidi ya mia, na ni za kushuka tu. Mwenye magoti mabovu, kiti cha magurudumu au kigari cha mtoto azunguke kwa nje hadi mtoni. Ndani kuna ubaridi hata wakati wa joto, na mawe huwa na unyevu, kwa hiyo viatu viwe vya kushika chini. Mwanga wa nje ukikupokea, sanamu iko hatua chache tu mbele yako.

Itazame taratibu. Wengi huhesabu kichwa kimoja na miguu sita ya mbele, lakini hiyo sita inaelezwa kuwa vichwa pia. Usiwasogeze watoto karibu mno na mdomo unaotema moto.

Pango hufunguliwa takriban Aprili hadi Oktoba. Ukifika Januari utaikuta sanamu tu, na jaketi zito ni la lazima.